Nilimwaga jaba la maji la mama mkwe kwa sababu ya mbu, sasa haniongeleshi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, naishi Mbagala, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya familia ya mume wangu. Yeye ni dereva wa lori la Tunduma, nyumbani tunamwona siku nne au tano kwa mwezi. Hapa nipo na mama mkwe, shemeji yangu ambaye bado hajaoa, na binti yangu wa miaka minne. Nina mimba ya miezi mitano.

Shida yangu ni mbu. Utasema mbu ni wa kila mtu, lakini kwetu wamezidi. Mchana ukikaa uwani kuchagua mchele wanakutafuna vifundoni, usiku ukilala wanakuimbia masikioni. Mwezi uliopita binti yangu aliugua homa kali siku tano, macho yanamuuma, mwili ukatoka vipele. Alipimwa malaria mara mbili, hakuna kitu. Daktari akasema ni dengue. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ule usiku aliponiambia "mama, miguu inavunjika" sijausahau.

Tangu hapo nautazama ua wetu kwa jicho lingine. Maji ya bomba kwetu hutoka Jumatano na Jumamosi, tena usiku. Mama mkwe ana majaba saba yamepangwa ukutani. Mawili ndiyo tunayotumia, matano ni ya akiba, yanaweza kukaa mwezi mzima hayajaguswa. Moja mfuniko wake umepasuka, mengine yamefunikwa kwa vipande vya bati. Shemeji ana kijiwe cha kuziba pancha pale barabarani, na tairi chakavu zote anazileta nyumbani. Nimezihesabu nyuma ya choo, zipo 31. Anasema watu wa katambuga, vile viatu vya tairi, watakuja kuzinunua. Tangu mwaka jana hawajaja. Pale maji ya bafuni yanapotokea kuna migomba ya mama na magimbi, na nyasi zimeshiba. Karo nalo lina ufa juu ya mfuniko.

Wiki tatu zilizopita nilifungua jaba la mwisho nikakuta viluwiluwi vimejaa, vinapanda na kushuka. Nilimkumbuka mtoto, hasira ikanipanda, nikalipindua lote mchangani, lita mia mbili. Sikumuuliza mtu. Jumamosi ile maji hayakutoka, na Jumatano hayakutoka, tukanunua ya mkokoteni. Mama hakunitukana. Mama ni mtu wa Newala, si mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Wewe hujawahi kulilia maji," akaingia ndani. Tangu siku hiyo ananiitikia salamu na basi. Chakula ananipakulia, mazungumzo hakuna. Shemeji anasema nimekuja kuwafundisha usafi. Mume wangu kwenye simu anasema, "Usinigombanishe na mama, mbu wapo Dar nzima."

Nimepokea mchezo, shilingi 60,000. Kuna kijana anapita na mashine ya kupulizia dawa, anataka 35,000 kwa ua mzima, anasema mbu hawatarudi miezi mitatu. Nawaza nimpe. Nawaza pia nifyeke ile migomba mama akienda msibani wiki ijayo. Jirani ananiambia nichukue oili chafu kwa shemeji nimwage kwenye karo na mtaroni. Na kuna siku nawaza nimchukue mtoto niende kwa mama yangu Morogoro nijifungulie huko, wao wabaki na mbu wao.

Shangazi, kwa pesa hii nianzie wapi bila kuvunja nyumba?

Mama wa Binti Mmoja, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mtoto wa miaka minne akikwambia miguu inavunjika, na baba yake yuko safarini, usiku huo huwa mrefu sana.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona mbu. Mara ya pili nikaliona jaba lililopinduliwa, na nahisi hilo linakukosesha usingizi kuliko hao wanaoimba. Niruhusu nianze na mbu hata hivyo, maana huko ndiko utakakopata cha kumwambia mama.

Hofu yako ina msingi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019, na Kiswahili kina jina lake la siku nyingi, kidingapopo. Virusi vyake ni vya aina nne. Binti yako sasa ana kinga ya aina iliyompata, lakini zile tatu bado zinaweza kumwangusha, na anayeugua mara ya pili kwa aina nyingine anaweza kuugua vibaya zaidi. Kwa hiyo akichemka tena mpeleke akapimwe, malaria ikiwemo, usiseme ni ileile ya mwezi uliopita. Ukimpa dawa ya homa iwe paracetamol, na maji kwa wingi. Aspirini, ibuprofen na diclofenac ziache, kwa mgonjwa wa dengue huweza kuchochea damu kuvuja. Na kama homa inashuka halafu anaanza kulia tumbo, kutapika mfululizo, kutoka damu puani au kwenye fizi, au kulegea, usingoje kukuche.

Umeandika jambo ambalo labda hukulitilia maanani: mchana vifundoni, usiku masikioni. Mwanangu, hao ni mbu wa koo mbili. Yule wa mchana ni Aedes, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Hung'ata zaidi asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, na ndiye mwenye dengue. Hutaga kwenye vyombo vinavyoshika maji: jaba, tairi, kopo, kifuu, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Yule anayeimba usiku mara nyingi ni Culex, yeye hupenda maji machafu, yaani karo, shimo la choo na mtaro uliosimama, na huku pwani ndiye anayeeneza matende na mabusha. Halafu yupo Anopheles wa malaria, naye ni wa usiku, huzaliwa kwenye madimbwi ya mvua na maji yaliyotulia. Dawa ya mmoja si lazima imguse mwingine, na ndiyo maana mtu hutumia pesa nyingi akabaki anajikuna.

Sasa tuizungumze migomba kabla hujashika panga. Wengi tumelelewa tukiambiwa fyeka nyasi mbu waondoke. Mbu hazaliwi kwenye nyasi. Hupumzika humo kivulini, na ukifyeka atatafuta kivuli kingine, pengine chini ya kitanda chako. Magimbi na migomba hushika maji kidogo kwenye makwapa ya majani, na wapo mbu wanaozaliwa humo, lakini ni kidogo mbele ya tairi 31 na majaba matano. Ningekuwa wewe ningechungulia jambo moja tu pale: maji ya bafuni yanazama mchangani siku ileile, au yanasimama hadi kesho yake? Yakisimama, chimbeni kishimo, mjaze kokoto na vipande vya matofali, yapate pa kuingilia. Kumfyekea mama migomba akiwa msibani, baada ya lile jaba, hebu jiulize mtarudije kutoka hapo.

Kijana wa mashine simjui na simchafui. Najua tu dawa ya kupuliza nje inavyofanya kazi. Inaua mbu anayeruka saa hiyo. Yai na kiluwiluwi kilichomo ndani ya jaba haviguswi, na kwa joto la Dar kiluwiluwi huota mabawa ndani ya wiki moja au siku kumi hivi. Ukimpa 35,000 Jumatatu, wiki inayofuata unao wapya. Ipo dawa inayopuliziwa kuta za ndani ya nyumba ambayo hukaa miezi, huenda ndiyo aliyoisikia, lakini hiyo ni kazi nyingine na ina watu wake waliofundishwa. Ukitaka kumwita bado ni haki yako, pesa ni yako. Muulize kwanza jina la dawa, akuonyeshe kibandiko cha chupa, akwambie itakuwaje kwa kuku, kwa mboga, kwa majaba yasiyofunikwa vizuri, na kwa mama mwenye mimba ya miezi mitano. Akibabaika, umepata jibu bila kulipa.

Oili chafu, hapana. Ni kweli huua, kwa sababu kiluwiluwi hupumua kwa kijimrija kinachogusa uso wa maji, na oili huuziba. Lakini oili ile haiozi ikaisha. Inazama kwenye mchanga wa Mbagala na kuelekea kwenye visima ambavyo watu wanavichota, labda pamoja na huyo wa mkokoteni. Kwa karo lenye ufa kuna njia ya amani zaidi: kilo chache za saruji kuziba ufa, na kipande cha wavu kwenye mdomo wa bomba la kupumulia, ulifunge kwa waya. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje za polistaireni, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa redio na televisheni, kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Zikaelea zikafunika uso wote, Culex akakosa pa kutagia. Zilisaidiwa na dawa ya matende waliyopewa watu, na mbu walipungua kweli. Nakusimulia ili uone kwamba karo hufungwa, si lazima litiwe sumu.

Tairi ni kisa cha shemeji yako. Wewe unaona 31 zenye mbu, yeye anaona fedha iliyolala. Ukimwambia azitupe atasikia unamwambia akatupe kazi yake. Pengine angesikia zaidi ukimuuliza watu wa katambuga hununua tairi iliyokaa mvuani mwaka mzima au iliyo kavu. Zikipangwa chini ya paa, hata bati mbili tu, hazishiki maji na bei yake haishuki. Zisizo na mnunuzi zinajazwa mchanga hadi juu, mama akapanda mchicha humo. Kuzitoboa husaidia, mradi tundu liwe upande wa chini kwa jinsi tairi ilivyowekwa, maana tairi ni mjanja, ukiigeuza inashika maji upande mwingine. Turubai nalo lina hatari yake: likilegea katikati linakuwa beseni. Kuzichoma usikubali, moshi ule ni sumu kwako na kwa uliyembeba.

Nifike kwenye majaba, ambako moyo wako uko.

Umeniambia mama ni mtu wa Newala, ukapita. Mimi nilisimama hapo. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na uwanda ule ni maarufu kwa kukosa maji. Juu hakuna mito, na kwa vizazi wanawake wameteremka mabondeni na kupanda na maji kichwani, njia ya saa nyingi. Maji yaliyofika nyumbani yalihifadhiwa kama nafaka. Anapokwambia hujawahi kulilia maji, huenda hakutukani. Huenda anakusimulia utoto wake kwa maneno manne. Yale majaba matano unayoyaita ya mbu, jaribu kwa siku moja kuyatazama kama ghala la mtu aliyewahi kukosa. Na kweli, wiki ile bomba liliposusa mara mbili, nani alikuwa amejiandaa?

Sisemi ulikosea kuogopa viluwiluwi. Nasema hofu mbili zilikutana kwenye jaba moja, yako ya homa na yake ya kiu, na hakuna aliyeijua ya mwenzake.

Kuna jambo jingine la huko kwao. Ugonjwa wa chikungunya, ambao huenezwa na huyuhuyu Aedes wenu wa mchana, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye uwanda huohuo wa Makonde katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, maana yake kile kinachompinda mtu, kwa jinsi viungo vinavyouma hadi mgonjwa anatembea amejikunja. Dunia nzima leo inalitamka neno la kwao mama. Mama hakuwepo au alikuwa mchanga, lakini wazazi wake walikuwepo. Jioni moja, mkiwa mnachambua mboga, muulize kama wazee wake waliwahi kusimulia homa iliyopinda watu. Usimuulize kwa kumtega. Muulize kwa sababu mjukuu wake alilia miguu, na yeye pengine anakijua kilio kile kuliko daktari.

Akikubali kuzungumza, una kitu cha kumwonyesha. Chota maji ya jaba kwa bakuli jeupe, viluwiluwi vitaonekana wazi. Vitie kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, funga mdomo kwa kipande cha kitambaa cheupe, uiweke dirishani, binti yako awe mlinzi wake. Siku chache baadaye vitakuwa mbu, wakigonga kitambaa. Nimeona watu wazima wakinyamaza mbele ya chupa kama hiyo. Wengi wanajua mbu hupenda maji, lakini hawajawahi kumwona akitoka kwenye maji yao wenyewe. Mkishaona, chupa itikiseni na kuimwaga juani kabla hamjaifungua.

Majaba hayahitaji kumwagwa ili yawe salama. Yanahitaji kufungwa. Bati lililolala juu lina mianya, na mbu hupita penye mwanya wa kidole. Kitambaa kizito au khanga ya zamani, ivutwe mdomoni na ifungwe kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, na mipira hiyo shemeji anayo ya bure. Naye akitoa mipira atakuwa ameingia kwenye kazi bila kuitwa kufundishwa usafi. Kitambaa kikazwe kisizame, na kikitoboka kibadilishwe. Kisha mzunguko: lililokaa muda mrefu litumike kwanza, jipya lisubiri, ili hakuna jaba linalokaa mwezi. Na likiisha lisuguliwe kuta za ndani kwa dodoki na sabuni kabla ya kujazwa, maana Aedes hubandika mayai juu kidogo ya maji, vidoa vyeusi vidogo kama masizi, na yanavumilia ukavu kwa miezi mpaka maji yayafikie tena. Hapo ndipo nikuambie kwa upole: jaba ulilolimwaga, kama halikusuguliwa, mayai yake bado yapo ukutani.

Kuhusu zile 60,000, naona njia zaidi ya moja. Unaweza kuweka wavu kwenye madirisha ya chumba mnacholala na saruji kidogo kwenye karo, ukabakiza ya nauli ya hospitali. Unaweza kuitoa nusu kwa paa la tairi, ambayo ni zawadi kwa shemeji kuliko kwa mbu. Chandarua usinunue kabla hujauliza kliniki, wajawazito hupewa, na huko usikose dawa za kuzuia malaria utakazopangiwa. Mtoto akilala mchana naye alale ndani ya chandarua, kwa sababu adui yake ni wa mchana. Dawa za kuchoma usiziwashe chumba kimefungwa, kifua chako na cha mtoto havihitaji moshi ule. Kivumbasi na mchaichai panda ukipenda harufu yake, ila mmea uliosimama tu haufukuzi mbu wa kutosha.

Wala hamko peke yenu mtaani. Aedes haendi mbali, mara nyingi huishia mita mia moja au mbili kutoka alipozaliwa, kwa hiyo vifuu vya jirani ni vyenu pia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ni nafasi ya kugusa vyombo vya watu bila kumnyooshea mtu kidole. Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa unaweza kuuliza kama kuna viuadudu vya kuua viluwiluwi kwa ajili ya mitaro, vile vinavyotengenezwa Kibaha. Mwaka 2004 jiji hili lilianzisha mpango wa kuwatumia watu wa mitaa wenyewe kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta mazalia, si jambo geni kwetu.

Na Morogoro? Kwenda kujifungulia kwa mama yako ni desturi nzuri, hakuna atakayekulaumu. Nikuulize tu: ungeondoka kwa sababu ya mbu, au kwa sababu ya ule ukimya? Kama ni mbu, Morogoro nako wapo, na malaria ipo. Kama ni ukimya, utausafirisha, na mtoto atazaliwa bibi mmoja hajui aanzie wapi kuja kumwona. Mumeo naye anahitaji kuelezwa upya. Alisikia ugomvi wa wanawake. Mweleze kuhusu aina nne za virusi, aseme kama mbu wa Dar nzima ni jibu.

Ukichagua kubaki kwa sasa, Jumamosi maji yakitoka usiku, amka kabla ya mama. Lisugue lile jaba la mwisho, ulijaze wewe mwenyewe, ulifunge kwa khanga yako. Usimwite aje kuona. Ndoo usizibebe zikiwa zimejaa, una mimba, muombe shemeji. Halafu niandikie tena uniambie mama alisema nini.

Shangazi